Nyimbo za Dereva Zisizovuta Pumzi

Tulimwita Dereva, na hata alipoacha kazi jina halikushuka garini. Kwa miaka mingi alipeleka wageni Ngorongoro, akiteremka nao Kreta asubuhi na kupanda nao alasiri. Wengi wao walikuwa Wajapani, kwa sababu pale kazini kwake ni yeye peke yake aliyejifunza lugha yao. Jina lake la ubatizo limo kwenye kitabu cha usharika. Anayelitaka akalisome huko. Wala sitasema alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani. Huku kwetu ukitaja ukoo tu, nusu ya wasomaji wanaacha kusoma na kuanza kutafuta undugu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya ya mtaa wetu, nje kidogo ya Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Yeye alikuwa jirani yangu, shamba kwa shamba, na mwimbaji wangu wa besi, mstari wa nyuma. Kama besi alikuwa wa kawaida tu: alichelewa kuingia, na akishaingia hatoki. Lakini nyumbani kwake alikuwa mtunzi. Nyimbo zake zote zilikuwa za huzuni, na zote ziliimbwa na kompyuta. Sikio lake la kulia lilikwisha kufa kwa miaka ya upepo wa dirishani na ngurumo za injini, na daktari alishamwambia kwamba la kushoto linafuata. Kabla halijafika huko alitaka kitu kimoja: asikie wimbo wake mmoja ukitoka kinywani mwa mtu. Aliyemnyima ni mimi. Ndiyo maana namwandika, na nitajaribu kutojitetea.

Ile sauti aliipata kwa mgeni. Alikuwa msichana wa Kijapani aliyekaa siku tatu kiti cha nyuma na kompyuta mapajani, vifaru wanapita na yeye hata hainui kichwa. Dereva mwingine angenuna. Yeye aliona kwamba mtu aliyesafiri mbali hivyo halafu asimtazame kifaru, lazima ana jambo linalomzidi kifaru, akamuuliza. Msichana akamwonyesha. Ilikuwa programu ya kuimbisha: unaandika silabi, unaiweka kwenye mstari wa sauti yake, unaivuta iwe ndefu au fupi, na kompyuta inaimba. Sauti ilikuwa ya binti ambaye hayupo popote. Kule kwao, msichana alisema, watu wanamtungia nyimbo za giza, za waliochoka na waliopotelewa, kwa kuwa binadamu ukimpa maneno hayo ayaimbe, wenzake wataanza kumuuliza kama yuko salama. Mashine haiulizwi. Kisha akamwambia Dereva ataje neno lolote la kwao. Akataja mama. Binti wa kompyuta alipoliimba, Dereva alifungua mlango akashuka, pale pale ndani ya Kreta, jambo alilowakataza wageni miaka yake yote ya kazi.

Mwaka uliofuata msichana alimletea kompyuta yake kuukuu kwa mkono wa kundi jingine la wageni, programu ikiwa ndani.

Dereva alipenda kusema kwamba Kijapani na Kiswahili ni ndugu wa kinywa, silabi zinaishia mdomo wazi, kwa hiyo yule binti hakuhitaji kusomeshwa sana. Aliimba na lafudhi ya mgeni kidogo, lakini huku nani hana lafudhi? Sisi Wairaqw tunatambulika tukiwa bado tunabisha hodi. Alijaribu kumwimbisha Kiiraqw wiki nzima akashindwa. Alisema amelionea huruma koo lake, ingawa alijua vizuri kwamba hana koo.

Alifanya kazi asubuhi, akishakamua ng'ombe, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Kwanza aliandika wimbo kwa solfa kwenye daftari, do na re na mi kwa penseli, kama sisi wote wa kwaya. Halafu akauhamishia kwenye kompyuta, silabi moja moja. Wimbo wa dakika tatu ulimla mwezi mzima. Mkewe alisema ameletewa mke mwenza asiyekula wala asiyechota maji, na kwamba mke mwenza wa kawaida angalau unaweza kumsema akasikia. Lakini mimi nilishamkuta mara mbili amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, mwiko mkononi, anasikiliza, na jikoni chakula kinaungua.

Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba na safi, haitikisiki, haipumui. Hilo la kutopumua ndilo lililonisumbua mimi kama mwalimu. Mistari yake ilikuwa mirefu kupita mapafu ya mtu, na binti aliifuata mpaka mwisho bila kuchoka, akaanza mwingine. Nilimwambia Dereva kwamba nyimbo hizi mtu haziwezi. Akasema huzuni nayo haina vituo vya kupumzikia. Nikamwambia hiyo ni hoja nzuri kwa mtu asiyefundisha sauti ya kwanza.

Alikuwa na wimbo wa mfugaji wa Kakesio ambaye ng'ombe wake wote walikufa kwa ukame, na bado kila alfajiri anachukua fimbo, anaenda malishoni, anashinda huko, anarudi jioni. Hakuna kingine kinachotokea. Alikuwa na wimbo wa lori la vitunguu lililopinduka likitoka Mang'ola: kina mama wanaokota vitunguu barabarani huku wakilia, na mpita njia hajui kinachowaliza ni vitunguu au ni mtu aliyebaki chini ya lori. Na alikuwa na wimbo alioutunga ule mwaka ugonjwa ulipofunga dunia, wageni wakakatika, lodji zikabaki na walinzi. Uliitwa Mgeni Hajafika. Mwenye nyumba anafagia uwanja, anachinja kuku, anachemsha maji ya kuoga. Kiitikio ni mstari mmoja: maji yamepoa, mgeni hajafika. Ubeti wa mwisho anafagia uwanja tena.

Ungedhani mtu wa nyimbo hizo ni wa kukunja uso. Wapi! Kwenye harusi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia kucheza na wa mwisho kukaa, akicheza kwa sikio moja, nusu mdundo nyuma ya wenzake. Kuku wake aliwapa majina ya mabosi wake wa zamani, na alipochinja mmoja alitutangazia nani kastaafishwa. Mtoto akianguka mbele yake, alimchekesha kabla hajaamua kulia. Nilimuuliza mbona furaha zote hizo hazitungii wimbo. Akasema furaha haihitaji mtunzi, hata mlevi anaiimba.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: anayekufariji kabla hujalia amekuibia. Aliurudia mpaka ukatuchosha. Siku moja nilimkumbusha habari ya wale watoto anaowachekesha wakianguka, nikidhani nimembana. Akasema goti siyo msiba. Mkewe, aliyekuwa anapepeta maharage pembeni, alisema sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba mumewe anayo mawili ya namna hiyo. Dereva alicheka kuliko sisi sote.

Aliniletea Mgeni Hajafika Jumamosi moja baada ya mazoezi. Alikuwa ameupanga kwa sauti nne, solfa yake nzuri kuliko yangu, na safari hii mistari ameikata kidogo kwa ajili ya mapafu yetu, ingawa si vya kutosha. Aliomba tuuimbe mara moja tu. Hata mazoezini, hata milango imefungwa. Akaniambia habari ya daktari na sikio la kushoto, kwa sauti ile ile ambayo mtu anakuambia mvua itachelewa.

Niliupeleka kwenye kamati ya kwaya. Kwetu kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: wimbo, hata wa msiba, ubeti wa mwisho lazima uwainue watu. Unaweza kuwazika beti tatu, lakini wa nne ni lazima wafufuke. Kamati ikasema Dereva aongeze ubeti mmoja, mgeni afike. Mmoja akauliza kama huu ni wimbo wa kanisa au wa utalii, tukacheka. Nami nilicheka, naungama. Kisha nikampelekea jibu, na nilimwona jinsi alivyozishika zile karatasi, kwa vidole vyote.

"Mwalimu, hajafika," aliniambia. "Nikiandika kwamba amefika, nimemwacha peke yake yule ambaye wake hajafika."

Nilimwambia kwamba kwa hali hiyo kwaya haitaweza. Alinishukuru kwa kuhangaika, akakunja karatasi zake, na Jumapili akaja kuimba besi kama kawaida. Nilidhani yameishia hapo. Kwa kweli nilifurahi kwamba yameishia hapo.

Baada ya miaka miwili nilijifungua mtoto wa kike, mimba ya miezi minane, amekwisha kufa. Nimeandika kwa kifupi kwa kuwa hata mimi niliambiwa kwa kifupi.

Zamani kwetu nyumba iliyopatwa na jambo hilo ilifungwa. Iliitwa metimani. Mama haendi kuchota maji na wenzake, hakanyagi shamba la mtu, hakuna anayeingia kwake wala kuomba moto kwake, miezi mingi, ili mkosi usisambae. Kanisa linaikemea, na sisi tuliosoma tunasema imekwisha. Haijaisha, imejifunza adabu tu. Watu walinipa pole kwa simu, wengine wakiwa hatua hamsini kutoka kwangu, na ningeweza kuwasikia bila simu. Mchungaji aliniombea kwa simu, akasingizia matope, na nje jua lilikuwa linawaka. Kwaya yangu, niliyoifundisha kuimba kwenye kila msiba wa mtaa ule, haikuja. Mtoto asiye na jina haimbiwi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, alikaa mlangoni kuilinda mila, na simlaumu. Alikuwa amepoteza wawili kwa njia hiyo hiyo, naye alifungiwa hivyo hivyo.

Mimi sikulia. Kila aliyepiga alisema Mungu atanipa mwingine, nami nikasema amina. Kila nikisema amina nilimchukia kidogo aliyepiga. Chumbani kulikuwa na beseni jipya la kuogea mtoto, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliondoa.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, nilimsikia yule binti wa kompyuta anaimba nje. Mama mkwe akatoka, nami nikasimama dirishani. Spika ndogo ilikuwa imetundikwa kwenye ua wetu wa minyaa, na Dereva amesimama ng'ambo ya barabara, ametupa kisogo, asije akasemwa kwamba ameikaribia nyumba. Mama mkwe aliuliza kwa ukali ni nani anaimba kwenye boma lake.

"Hakuna mtu, mama," alijibu kwa sauti, bila kugeuka. "Ni mashine. Haina kwao pa kupeleka mkosi."

Mama mkwe alifikiri. Mila haikuwahi kusema neno lolote juu ya mashine. Akarudi ndani, akakaa kwenye kigoda chake, na mlango akauacha wazi. Binti akaimba uwanja uliofagiwa, kuku aliyechinjwa, maji yaliyopoa, mgeni ambaye hajafika. Hakuniambia atafika. Hakuniambia nitapewa mwingine. Nililia mpaka nikakaa chini, na nilipoinua macho nikaona mama mkwe naye analia, nadhani kwa ajili ya wale wawili wake, baada ya miaka arobaini. Huo ndio wimbo pekee aliopata mwanangu. Dereva alirudi siku mbili zaidi, saa ile ile. Alitundika, akavuka barabara, akatupa kisogo, wimbo ukiisha akachukua spika yake akaenda. Hakuwahi kunitajia jambo hilo, na mimi nilishindwa pa kuanzia.

Nilipotoka ndani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurudi kwenye kamati na nakala ya zile solfa niliyokuwa nimebaki nayo. Safari hii hawakucheka. Walikuwa wamesikia ulikoimbwa. Wimbo uliotoka kwenye nyumba iliyofungwa, walisema, nani atautia kinywani? Hata ubeti wa kufufuka hawakuutaka tena. Kwa hiyo Dereva, kwa kuuleta uani kwangu, aliua nafasi yake mwenyewe, na alikuwa Mwiraqw wa kutosha kujua hilo kabla hajatundika spika. Niliwaambia naacha kufundisha. Wakanibembeleza, nikabaki. Mimi si shujaa, na mazoezi ya Krismasi yalikuwa yamekaribia.

Mwaka jana mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka barabarani, mkewe alinisimamisha sokoni. Alisema kompyuta imefungwa. Mumewe alikuwa anaifungua na kuitazama ile mistari ya sauti ikipita, bila kusikia kitu, mpaka siku moja akaifunika kwa kitambaa cha mezani. Sikio la kushoto sasa linapokea vitu vikubwa tu, alisema: malori, radi, na yeye mkewe akikasirika. Nilimaliza kununua chumvi, nikaenda naye moja kwa moja.

Tulimkuta uwanjani, amejifunga shuka, anapukuchua mahindi. Alifurahi kuniona, akaanza kunieleza habari za kuku mpya aliyemwita Meneja. Nikakaa kushoto kwake, nikamfanyia ishara ya mdomo na mkono kwamba nimekuja kumwimbia. Aliliweka gunzi chini. Alijifuta mikono kwenye shuka, taratibu, kama mtu anayekaribishwa mezani.

Niliimba Mgeni Hajafika kwa sauti yangu ya kawaida. Akatikisa kichwa. Nikapandisha. Akatikisa tena, na safari hii hakunitazama usoni. Basi nikasimama, nikaimba kwa ile sauti tunayomwitia mtu aliye ng'ambo ya korongo. Kwa sauti hiyo mistari yake haishikiki. Nilikata katikati ya neno, nikavuta pumzi, nikaendelea, nikakata tena, na nilipojisikia nikagundua kwamba haukuwa wimbo tena. Kilikuwa kilio. Mkewe akatoka jikoni, akatutazama, akaingia na sauti ya pili ambayo hakuna aliyeiandika. Kumbe aliujua wote.

Wanawake wawili wanalia kwa sauti kwenye uwanja wa mzee ambaye hajaonekana kanisani miezi mitatu. Majirani walielewa walichoelewa. Wa kwanza alifika mbio, kanga kiunoni. Wakafuata wawili, kisha wakaanza kuja kwa makundi kupitia shamba la mbaazi, wanaume wameshavua kofia, na karibu nusu yao walikuwa kwaya yangu. Kwetu huingii msibani ukiuliza maswali, unaingia ukiitikia kinachoimbwa. Nao wakaitikia. Mstari ni mmoja, mara ya pili kila mtu anao. Maji yamepoa, mgeni hajafika. Wanakamati walikuwemo, nao waliitikia, na yule wa utalii alikuwa analia kweli.

Ukungu ulikuwa mzito na Dereva alikuwa amekaa nyuma yetu, kwa hiyo walichukua muda kumwona. Aliyemwona alishtuka, akampiga mwenzake kiwiko, lakini hakuna aliyejua namna ya kuacha wimbo wa msiba katikati. Wakaendelea kuimba huku wanamtazama marehemu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio la kushoto juu, macho amefumba, na mdomo wake unakwenda pamoja na wa kwao, silabi kwa silabi. Hakukosea hata moja.

Kisha akafumbua macho. Akaona uwanja umejaa, kanga viunoni, kofia mikononi, mchungaji anapanda njia na Biblia kwapani. Akanivuta mkono nimwinamie.

"Mwalimu," alisema, "nimekufa?"

Nilimpigia kelele sikioni kwamba bado.

"Basi waambie wasinyamaze."

Nikawageukia, nikainua mkono, nikawapa sauti ya kuanzia.